Hema Tuliloliacha

Tulikuwa wawili, mtu na mdogo wake, na pikipiki moja. Safari ilikuwa ya kutoka Dodoma hadi Tura, mkoani Tabora, kupitia Manyoni na Itigi, kwa kaka yetu mkubwa. Binti yake alikuwa anapokea kipaimara. Kwa miaka minne hatukuwa tumekanyaga kwake, tangu siku ya kugawana ng'ombe wa marehemu baba, siku ambayo yalisemwa maneno yasiyofaa kurudiwa hapa.

Wiki moja kabla ya safari tuliazima hema kwa kijana mmoja wa usharika wetu, pamoja na mifuko miwili ya kulalia na jiko dogo la gesi. Sababu tulikuwa nazo. Baada ya Itigi kuna pori refu. Pancha ikikupata jioni, unaweza kulala hapo hapo. Gesti ni gharama. Mvua zilikuwa zimekaribia. Jioni ya mwisho tukaanza kufunga mizigo kwa mipira. Hema likajaa kwenye keria, na kikapu cha zabibu na viatu vipya vya binti vikakosa nafasi.

Mama alikuwa ameketi barazani akitutazama. Akauliza, "Wanangu, hilo hema ni la porini, au la uani kwa kaka yenu?"

Hatukumjibu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake, lakini kila mmoja alijua: tukiwa na hema tungehudhuria ibada, tungesalimia watu, kisha tungelala nje bila kumwomba kaka kitu chochote.

Usiku ule tulisoma Luka sura ya 10. Bwana aliwatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba, akawaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na kula watakachopewa. Siku zote tulilisikia agizo hilo kama somo la kujinyima. Safari hii tuliona jambo jingine: asiyebeba kitu hana budi kubisha hodi. Hata hivyo, katika sura ya 22 ya Injili hiyo hiyo Bwana anawaambia mwenye mfuko auchukue. Kwa hiyo maji tulibeba, na pampu, na viraka, na makoti ya mvua. Hema tuliliacha.

Njia ile inaijua mizigo. Wapagazi wa misafara ya zamani walibeba takriban kilo 30 kila mmoja. Wakitoka pwani, baada ya Ugogo walivuka nyika ya Mgunda Mkali, yenye shida ya maji, ndipo wakafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Kambini walijenga vibanda vya matawi na nyasi, na mara nyingi msafara uliofuata ulivikuta vimesimama, ukalala humo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Tura mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua", yaani tua mzigo.

Tulilala Itigi, tukafika Tura siku ya pili, jua likizama. Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaitazama pikipiki. "Mmebeba vya kulalia?"

"Hatuna, kaka."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko hema. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita shemeji atandike kitanda. Kilikuwa kitanda chao wenyewe; wao walilala kwenye mkeka sebuleni. Asubuhi tulikunywa chai kwa matobolwa, na kaka ndiye aliyeanza kutaja ng'ombe. Hatukumaliza siku ile, wala hatujamaliza hadi leo. Lakini tunazungumza, na sasa simu yake huingia kila Jumapili baada ya ibada.

Wapendwa, kujiandaa si dhambi. Anayeingia porini bila maji anamjaribu Mungu. Ila ipo mizigo tunayoiita busara, kumbe tumeibeba ili tusije tukahitaji mlango wa ndugu. Mzigo wa namna hiyo hatuujui mpaka mtu anayetupenda atuulize swali. Sisi tuliulizwa na mama, barazani, mipira ya kufungia ikiwa bado mikononi.