Siku 50 za pingu

Najua nimepotea. Kazi za gazeti zilinibana, na muda kidogo uliobaki niliumalizia kwenye luninga. Msinicheke. Nilikuwa natazama Berabou, tamthilia ya kihistoria iliyorushwa na NHK ya Japani mwaka 2025.

Tamthilia za zama zile nimezoea kuona samurai wakikatana mapanga. Hii ni ya mfanyabiashara. Jina lake Tsutaya Juzaburo, mtu wa kweli, aliyezaliwa mwaka 1750 Yoshiwara, mtaa wa madanguro yenye kibali cha serikali jijini Edo, yaani Tokyo ya leo. Enzi hizo samurai alihesabiwa wa juu, akifuatiwa na mkulima, kisha fundi. Mfanyabiashara alikuwa mkiani. Kijana huyu alianza na duka dogo la vitabu karibu na lango la Yoshiwara, akiuza vitabu vya kuwaelekeza wateja wa mtaa ule. Mwaka 1783 akahamia Nihonbashi, kwenye maduka ya wakubwa. Ndiye aliyechapisha picha za Utamaro na za Sharaku.

Kilichoninyima usingizi ni mwaka 1791. Serikali, chini ya Matsudaira Sadanobu, ilikuwa imekaza kamba: anasa marufuku, vitabu vikaguliwe kabla ya kutoka. Tsutaya akatoa vitabu vitatu vya Santo Kyoden kuhusu maisha ya madanguro. Mwandishi akatiwa pingu siku 50. Mchapishaji akatozwa faini ambayo yasimuliwa ilikula nusu ya mali yake.

Hapo nikasimamisha picha.

Mwaka jana niliandika habari ya wamachinga waliobomolewa vibanda usiku. Nilikuwa na picha, na risiti za ushuru waliolipa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mhariri akasoma, akavua miwani. "Mdogo wangu, unajua mwenye kiwanja hicho anatupa matangazo kurasa ngapi?" Habari ikaishia kwenye droo yake. Nami nikanyamaza.

Hakuna aliyenitia pingu. Ndicho kinachoniuma. Kyoden alifungwa na serikali, mimi nilijifunga mwenyewe kwa kuogopa kukosa mshahara.

Sisemi Tsutaya alikuwa mtakatifu. Alipata riziki kupitia biashara iliyokula mabinti waliouzwa na wazazi wao kwa sababu ya ufukara, na tamthilia hailifichi hilo. Alikuwa mchuuzi, alipiga hesabu zake. Ila baada ya faini ile hakufunga duka. Picha za Sharaku alizitoa mwaka 1794, miaka mitatu baada ya adhabu. Alifariki 1797, na leo tunamkumbuka yeye kuliko matajiri wengi waliokaa salama.

Mmoja wa wale wamachinga bado hunipigia simu. "Vipi kaka, ile habari yetu imetoka?" Kila mara namjibu "bado kidogo", mpaka naona aibu kupokea.

Kesho nampigia mimi. Nitamwambia ukweli wa yaliyotokea, kisha nitarudi kwa mhariri na zile risiti. Akikataa tena, walau safari hii atakuwa amekataa yeye peke yake.

Nanyi mngefanyaje? Semeni, msinionee haya.