Mstari Ubavuni mwa Chombo

Sisi wa Babati hatuna bahari, lakini tunalo ziwa mlangoni, lenye viboko na mitumbwi. Nikishuka ufukweni jioni na kuwaona wavuvi wakirejea, hunijia swali ambalo wanafunzi wangu hulijibu upesi mno: je, historia ya vyombo vya majini ni historia ya maendeleo?

Jibu lao ni ngazi: gogo lililochongwa, ngalawa yenye ndubi, jahazi, meli ya mvuke, kisha injini ya dizeli. Ngazi hiyo ina ukweli wake. Mtepe wa pwani yetu haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lilikuwa mkeka. Meli Liemba nayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata. Ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Lakini hatua ninayoiona kubwa kuliko zote haihusu injini. Ni rangi tu. Mwaka 1876 Bunge la Uingereza, likisukumwa na mbunge Samuel Plimsoll, lililazimisha meli zichorwe ubavuni mstari wa kikomo cha shehena. Wenye meli wakaachiwa kuuchora watakapo wenyewe (mtumishi wa umma ataielewa hila hiyo bila kufafanuliwa), hadi sheria ya 1890 ilipowaondolea hiari hiyo.

Sisi tumeurithi mstari; mtu wa kusema "imejaa, basi" hatukumrithi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imezidisha abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu wapatao 100, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Waliokufa walizidi 200. Kati ya misiba hiyo kuna miaka 22, tosha kabisa kusomesha kizazi kizima cha wakaguzi.

Hapa ziwani mwenye mtumbwi hutazama maji yalipofika ubavuni, akamwambia abiria wa ziada asubiri. Hana cheti wala sare. Ila naye yumo chomboni. Mkata tiketi wa gatini hubaki nchi kavu.

Ndiyo maana, kila serikali inapotangaza kivuko kipya, mimi huuliza: ni nani mwenye mamlaka ya kukizuia kisiondoke, na mshahara wake hulipwa na yuleyule anayekusanya nauli?