Kizazi Kilichoiga Uwanja

Vijana wa Rugu, wilayani Karagwe, wanaocheza mpira leo wanapasha misuli vizuri kuliko tulivyowahi kupasha sisi. Nalitanguliza hilo ili mtu asidhani mzee amekuja kulalamika. Wanakimbia kwa mistari miwili, wananyoosha nyonga, wanaruka kwa mguu mmoja, wanapigiana pasi fupi ndani ya duara, na kocha wao ana filimbi na mpangilio. Mazoezi mengi ya namna hiyo yamefika vijijini kutoka kwenye programu ya FIFA iitwayo 11+, inayochukua kama dakika 20 na ambayo imethibitika kupunguza majeraha. Kizazi changu kilipoteza wachezaji hodari kwa magoti na nyonga kwa sababu tuliingia mchezoni na misuli baridi. Wajukuu wametupita hapo, nami nafurahi.

Ila nikikaa pembeni ya uwanja saa kumi jioni, wakati timu mbili zinajiandaa, naona kitu kimoja hakifanywi. Hakuna anayeutazama uwanja. Macho yako kwenye mpira, kwa kocha, au kwenye simu ya rafiki anayewarekodi. Filimbi inalia, na kabla watu hawajatulia beki anaachwa na mpira uliogonga kigongo ambacho kila mchunga ng'ombe wa hapa anakijua. Kipa anatoka kuudaka mpira unaodunda, unafika mbele yake unakufa, kwa kuwa pale ardhi ni laini tangu mvua ya juzi. Watu wanapiga kelele kwamba kijana hana kipaji. Kipaji anacho. Hakuuliza tu anachezea wapi.

Nieleze tulivyokuwa sisi, maana bila hilo nitaonekana nawadai vijana kitu ambacho hawakupewa.

Sisi tulikuwa vijana miaka ya 1970. Vijiji vilipangwa upya, shule zikajengwa, na baada ya mkutano wa Musoma wa mwaka 1974 likaja lile agizo la elimu ya msingi kwa wote. Mimi ni mmoja wa walimu walioingia kazini kwa wimbi hilo la UPE. Kila shule ilipaswa kuwa na kiwanja, na viwanja vilichongwa kwa majembe ya wanafunzi na wazazi wao. Anayeijua Karagwe anajua maana yake. Nchi yetu ni ya vilima. Kiwanja kilichochongwa kwa jembe katika nchi ya vilima kina goli la juu na goli la chini, kina upande unaokunywa maji na upande unaoyakataa, na mahali fulani kina kichuguu kilichovunjwa ambacho mchwa wanakikumbuka na kukiinua tena kila mwaka. Siku za mechi nyasi zilifyekwa. Siku nyingine zote kiwanja kilikuwa malisho.

Televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar waliipata miaka hiyo ya 1970. Bara tulisubiri hadi miaka ya 1990. Mpira wa wakubwa tuliusikia kwa Redio Tanzania, watu ishirini wamezunguka redio moja. Goli la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars Lagos kwenye fainali za Afrika za mwaka 1980, tulilipokea masikioni. Tulilishangilia vijiji vizima, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeona ni mguu gani ulitangulia. Kwa hiyo hatukuwa na mchezaji wa kumuiga. Huwezi kuiga chenga uliyoisikia redioni.

Tuliiga uwanja. Naamini hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kizazi changu na hiki. Mitindo yetu ilitoka ardhini. Winga aliyekulia kwenye kiwanja kilichoinama kuelekea kulia alijifunza kuuacha mpira uende wenyewe na kuukuta chini, wakati beki bado anausubiri pale ulipopigwa. Beki wa kiwanja chenye changarawe hakungoja mpira udunde. Aliupiga ukiwa bado hewani, kwa sababu mdundo ulikuwa adui yake. Waliokulia kwenye mpira wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba za mgomba huohuo, walijua kwamba mpira usiodunda unataka mguu wa kusukuma. Chandimu ile ya utotoni ndiyo ilikuwa shule yetu ya kwanza.

Tulipokwenda kucheza ugenini, Nyaishozi, Kayanga au kule ambako leo ni wilaya ya Kyerwa, kazi ya kwanza baada ya kufika ilikuwa kuuzunguka uwanja, tena kwa miguu mitupu, hata kwa wachache waliokuwa na njumu. Nyayo zinasema. Ardhi ngumu yenye vumbi juu inateleza kuliko tope, na mtu anayekimbia kwa kasi hawezi kugeuka juu yake bila kufupisha hatua. Kisha mmoja aliurusha mpira juu katikati, mwingine pembeni, mwingine mbele ya goli, na wote tulisikiliza. Ardhi ngumu inatoa mlio mkali na mpira unapanda hadi kifuani. Ardhi iliyolowa inatoa mlio mzito na mpira unaishia gotini. Halafu mpira uliviringishwa polepole kutoka mstari wa kati kwenda kila pembe, bila kupigwa, ili tuone unapenda kwenda wapi.

Mbele ya magoli tulikaa zaidi. Pale nyasi hazioti, kwa sababu makipa wamepakanyaga mwaka mzima hadi pakawa kama bakuli. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa mvua za vuli ambazo huku kwetu huja na senene, bakuli hilo linashika maji. Mpira wa chini unaopigwa kwa nguvu ukifika hapo unateleza, na unaopigwa kwa ulaini unakwama. Mshambuliaji aliyeligundua hilo wakati wa kupasha ana goli moja mfukoni kabla mchezo haujaanza. Kiangazi, Juni hadi Agosti, bakuli hilohilo linakuwa vumbi jekundu, na kipa anayejirusha anapoteza nusu ya nguvu yake miguuni.

Ndiyo maana nahodha wa zamani alikwenda kwenye shilingi akiwa na jambo la kusema. Alikuwa ameshajua jua litakuwa machoni mwa nani kipindi cha pili, upepo unatoka wapi na lipi ni goli la chini. Baadaye, kwa miaka mingi, sheria ilimpa mshindi wa shilingi kuchagua goli tu. Tangu mwaka 2019 anaweza pia kuchagua kuanza mpira. Nimeona manahodha wengi wa siku hizi wanachukua mpira papohapo, hata kwenye kiwanja kilichoinama waziwazi. Wamepewa uamuzi mzito na wanautupa.

Baadhi ya wasomaji bora wa uwanja niliowajua waliondoka kwenda vitani mwaka 1978, Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, na si wote waliorudi. Waliorudi walikuwa na mambo mengine ya kuhangaikia. Nadhani elimu hii ilikatika kidogo hapo, kwa sababu haikuandikwa popote. Ilipita mguu kwa mguu, na miguu mingine ilibaki huko.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya viwanja vibovu, na kwamba dunia sasa ni ya nyasi bandia. Kaitaba pale Bukoba, nyumbani kwa Kagera Sugar, iliwekewa nyasi hizo katikati ya miaka ya 2010. Lakini nyasi bandia nazo zinasomwa. Zikiwa kavu na jua limewaka, zinatunza joto na kuichosha miguu. Zikimwagiwa maji, mpira unakimbia juu yake kama umefukuzwa. Mdundo wake ni wa juu, na chembe za mpira zilizomo kati ya nyasi zinakaa kwa wingi mahali pamoja na kwa uchache mahali pengine. Kijana wa kijijini anayeingia pale na njumu zenye meno marefu aliyoyazoea kwenye tope, mguu unashikwa na goti linageuka. Dakika zake za kupasha zilipaswa kumwonyesha hilo.

Na si mpira wa miguu peke yake. Mtoto wa kaka yangu anaishi Marekani, na huko amejiunga na ligi ya bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini 10. Alipokuja likizo nilimwambia kwamba huo ni mchezo wa raha, maana sakafu ni sawa, paa lipo, mvua wala kichuguu hakuna. Akanijibu, "Baba mdogo, ile sakafu ni ngumu kuisoma kuliko uwanja wa Rugu." Kisha akanieleza, na tangu siku hiyo nauheshimu sana mchezo ule.

Njia ya kuviringishia ina urefu wa futi 60, kama mita 18, kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya kwanza, na upana wake unazidi mita moja kidogo tu. Upana huo umegawanywa vipande vyembamba 39. Kabla ya mchezo mashine inapaka mafuta yasiyoonekana. Kwa kawaida katika ligi za watu wa kawaida mafuta huwa mengi katikati na haba kandokando, na theluthi ya mwisho karibu na pini huachwa kavu. Tufe linateleza penye mafuta, na likifika pakavu linashika sakafu na kukunja kuelekea kwenye pini. Yote yanategemea litakunja wapi, na jicho haliyaoni mafuta.

Kwa hiyo zile dakika chache za kupasha kabla ya ligi ndizo macho ya mchezaji. Mchezaji wa kawaida anazitumia kuangusha pini ili ajisikie vizuri. Mchezaji makini hajali pini. Anarusha moja katikati, nyingine karibu na ukingo, kwa mwendo uleule, na anatazama ni wapi tufe linaanza kukunja. Likikunja mapema anajua mafuta ni haba. Anasogeza miguu vipande viwili vitatu na kubadili shabaha. Ligi inachezwa kwenye njia mbili kwa zamu, na njia hizo hazifanani hata kama zimepakwa na mashine ileile saa ileile, hivyo anazisoma zote mbili. Na hapo kazi haijaisha. Kila tufe linalopita linafuta mafuta kidogo na kuyasogeza mengine mbele. Sakafu ya saa moja usiku si ya saa mbili. Asiyesoma tena anaanza kukosa na kudhani mkono wake umeharibika.

Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Sisi nasi tulijua kwamba uwanja wa kipindi cha kwanza si wa kipindi cha pili, hasa mvua ikinyesha. Dunia nzima ilijifunza hivyo tarehe 4 Julai 1954 mjini Bern. Hungaria, timu iliyokuwa haijafungwa kwa miaka minne, iliongoza 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia ndani ya dakika chache, mvua ikinyesha. Wajerumani walikuwa na njumu ambazo meno yake yaliweza kufunguliwa na kubadilishwa, wakaweka marefu kwa ajili ya tope. Wakashinda 3-2. Ushindi ule una sababu nyingi, lakini mtu aliyeliangalia tope na kuamua juu ya meno ya viatu ana sehemu yake.

Turudi kwa vijana wetu. Siwalaumu, kwa sababu naona walichokuwa wakikitazama. Wamejifunza mpira kwa macho, kwenye vibanda umiza na simu, wakiwatazama wachezaji wa Ulaya ambao uwanja wao haujawahi kuwasaliti. Wameiga chenga zao, pasi zao, hata namna wanavyovaa soksi, na wameiga vizuri. Mimi sikuwa na nusu ya ufundi wa mguu walio nao watoto wa darasa la sita leo. Lakini kamera haionyeshi wachezaji hao wakipita kwenye nyasi saa moja na nusu kabla ya mchezo, mikono mifukoni, wakizikanyaga na kuzichunguza. Wakubwa bado wanafanya hivyo kila wiki. Kijana wa Rugu anaona dakika 90 na kudhani hizo ndizo kazi yote.

Nikimtazama kijana wa leo ambaye amekosa mpira kwa sababu ya kigongo, akajilaani, akashika kichwa, moyo wangu unauma. Anajihukumu kwa kosa la ardhi. Sisi tulikosa pia, lakini tulijua tumekosea nini, na baada ya kujua tulicheka na kurekebisha hatua. Ujuzi ule ulitulinda na uchungu ambao naona unawatoa watoto wengi mchezoni mapema.

Nawaomba makocha wa timu za kata na walimu wenzangu mnaoandaa watoto kwa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISETA: msiyaondoe mazoezi ya kunyoosha, ni mazuri. Kabla yake chukueni dakika 15. Watoto wavue viatu, wauzunguke uwanja mzima, waurushe mpira kila pembe, wauviringishe, waseme kwa sauti walichokiona, na nahodha akienda kwenye shilingi awe anajua anataka goli lipi na kwa nini. Wakati wa mapumziko warudie kwa ufupi. Gharama hakuna. Na wazee mnaokaa chini ya mwarobaini mkitazama mechi, inukeni mwende mkazunguke nao. Mnajua kichuguu kilikuwa wapi.