Kufuli Ndani ya Diski

Mtu akinunua jembe, hulima nalo atakako. Akinunua kitabu, hukisoma, humwazima jirani, huwaachia wajukuu. Miaka yote niliyokuwa mwalimu mkuu sikuona kitabu kikimwuliza mtoto ametoka nchi gani.

Diski ya filamu huuliza. Wenye filamu walipoleta DVD waliigawa dunia katika maeneo sita: Uingereza ikatiwa katika la 2, nasi wa Afrika Mashariki katika la 5. Binti yangu aliyeko London alininunulia filamu kwa fedha halali. Posta ikaifikisha salama, mashine yangu ikaikataa. Nakala ya wizi, iliyouzwa kando ya barabara, ilicheza bila swali lolote. Basi niambie, msomaji, aliyeadhibiwa hapo ni mwizi au mnunuzi? Simtetei mwizi, aliyetunga na aliyepiga picha wanastahili ujira wao. Lakini mlinzi anayemzuia mwenye nyumba, huyo ana kasoro.

Mwaka 2006 zikaingia sokoni HD DVD na Blu-ray. Zote husomwa kwa mwali wa buluu, mwembamba kuliko ule mwekundu wa DVD, kwa hiyo alama hubanana na picha huwa safi ajabu. Tabaka moja la DVD huchukua gigabaiti 4.7, la HD DVD 15, la Blu-ray 25. Zilishindana hadi Februari 2008, Toshiba ilipoiacha HD DVD.

Blu-ray ilitufaa kwa jambo moja: Afrika na Ulaya ziliwekwa eneo moja, B. Kufuli yake, hata hivyo, ni kali zaidi. Ufunguo wa mashine fulani ukivuja, diski mpya huja na amri ya kuukataa, na mwenye mashine hiyo, asiye na hatia, hulazimika kutafuta programu mpya.

Zangu nazisimamisha wima ndani ya makasha, mbali na jua, na kuzishika ukingoni. Habari za Blu-ray zimelala milimita 0.1 tu chini ya uso, japo uso wenyewe una ganda gumu. Binti yangu hunihimiza nitazame kwa intaneti, niachane na makasha. Namjibu kuwa filamu ya huko mwenyewe aweza kuiondoa nikiwa usingizini. Hizi jirani akibisha hodi nampa, na mbili sasa ziko kwake tangu Ijumaa.