Jiwe Nililolichoma

Mimi ni mzaliwa wa Sudi, na kwa miaka 23 riziki yangu ilitoka kwenye tanuu ya chokaa. Niliingia kazini mwaka 1989 nikiwa na miaka 16, nikatoka mwaka 2012. Nashuhudia hapa habari ya jiwe moja, maana ndilo lililonigeuza, ingawa nilikuja kulifahamu likiwa limeshakuwa unga.

Nianze na kazi yenyewe, kwani asiyeijua hatauona uzito wa nilichokifanya. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, tulikwenda kwa mitumbwi hadi miambani tukiwa na mitaimbo, tukang'oa matumbawe. Tumbawe likiwa majini ni kitu hai. Lina rangi, na vijisamaki vimejificha ndani ya matundu yake. Ukilileta ufukoni linanuka siku mbili tatu, kisha linakauka, linakuwa jeupe kama mfupa. Tulipanga magogo ya mikoko kwa mviringo, gogo juu ya gogo, katikati tukaacha tundu la kutilia moto, na juu tukarundika matumbawe hadi yakapita kimo cha mtu. Tanuu ikiwashwa usiku iliwaka hadi ng'ambo ya ghuba ikaonekana. Moto ukishakufa tunamwagia maji, mawe yanatoa mvuke na mlio kama mafuta kwenye kikaango, yanapasuka yenyewe, yanalainika. Asubuhi ni chokaa. Tunaifunika kwa makuti, tunangoja mnunuzi.

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa na mkono wake: nikiutazama moshi tu nilijua mawe ya chini yameiva au bado. Mke wangu alivaa kwa chokaa, watoto wangu walisoma kwa chokaa.

Miamba ya karibu tulikuwa tumeshaivunja sana. Halafu mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kawaida, na matumbawe ya pwani ya Tanzania yakapauka, mengi yakafa. Ya karibu yakawa vipande vya kuokoteza, na ya mbali yalitaka siku nzima ya kupiga kasia. Ndipo macho yangu yakageukia nchi kavu.

Nyuma ya mashamba ya mikorosho, mahali ambapo watu hawapiti sana, palikuwa na gofu. Sisemi gofu la kustaajabisha. Ni kuta tatu zilizobaki kimo cha kiuno, zimekumbatiwa na mizizi, na makaburi machache ya kale kando yake. Tangu utoto tuliambiwa tusicheze pale. Nilipokuwa mtu mzima nikayahesabu yale mawe kama mzigo uliokwisha kubebwa na kusogezwa karibu na tanuu, bila mtumbwi na bila bamvua. Nilianza na yaliyoanguka. Yalipokwisha, nikaingiza mtaimbo kwenye yaliyosimama.

Mwaka 2003 nilikuwa namjengea mama chumba. Nilikata shauri kwamba chokaa ya lipu yake nitaichoma mwenyewe, safi, isiyochanganywa na mchanga wa watu. Kwenye mawe niliyobeba siku ile palikuwa na moja la kuchongwa. Lilikuwa jepesi kuliko mengine, bapa, na juu yake umepita mchoro uliosokotwa kama kamba ya jahazi, nyuzi mbili zinapishana. Niliona ni zuri. Nakumbuka nililishika mkononi nikapitisha kidole gumba kwenye ule mchoro. Kisha nikalitupa juu ya rundo.

Jioni babu yangu alipita, akakaa mbali kidogo na moto kama alivyozoea. Nilimweleza kwa furaha kwamba leo nimechoma hata jiwe la nakshi. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Lile la kamba?"

Nikamwambia, "Ndiyo, babu."

Akainuka, akajikung'uta kikoi, akaenda nyumbani. Hakunigombeza wakati ule wala baadaye. Miaka miwili mbele alifariki, na katika miaka hiyo miwili hakukaa tena karibu na tanuu yangu.

Babu alikuwa mtu wa habari, nami sikuwa msikilizaji. Alikuwa akisema kwamba wazee wa zamani waliita Mgao pwani hii yote ya kusini, kutoka Kilwa hadi mto Ruvuma, na kwamba Sudi ilikuwa bandari ya watu wazima: sandarusi, mpira na pembe vilishuka kutoka bara vikapakiwa hapa. Watumwa pia walipita, na hilo alilisema kwa sauti ya chini. Habari aliyoipenda kuliko zote ni ya meli. Machi 1916, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilikwepa manowari za Kiingereza ikaingia ghuba yetu. Ilileta mizinga, risasi, nguo na dawa za jeshi la kamanda wao, von Lettow-Vorbeck. Barabara ya gari haikuwepo wala reli, kwa hiyo shehena ile yote iliondoka Sudi juu ya vichwa vya watu, mzigo kwa mzigo, na baba yake babu alikuwa miongoni mwa hao wapagazi. Aprili manowari zikaigundua, zikaipiga mizinga humu ghubani, na bado ikatoroka, ikavuka Bahari ya Hindi hadi Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Babu alikuwa akituonyesha kwa kidole: iliingilia hapa, ilijificha pale kwenye mikoko. Ile mikoko aliyokuwa akiionyesha ndiyo niliyokuwa nikiikata.

Mwaka 2012 jamaa yangu wa Kilwa Masoko aliniletea habari kwamba Kilwa Kisiwani panatakiwa mafundi wa kukarabati majengo ya kale, wanaoijua chokaa. Si saruji, chokaa. Nikapanda gari Lindi, nikashuka Nangurukuru, nikaunganisha hadi Masoko, na asubuhi nikavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Nilikuwa na miaka 39 na sikuwahi kufika huko, ingawa jina lake nalijua tangu darasa la nne.

Nililiona kwanza Gereza, ngome ya zamani, maana linasimama pale ufukoni mtu anaposhuka. Nikadhani hilo ndilo lote. Kumbe ngome ile ni mtoto ukiilinganisha na vilivyo nyuma yake. Wareno walijenga ngome mwaka 1505 walipouteka mji, wakaondoka miaka saba baadaye, na inayoonekana sasa ni zaidi kazi ya Waomani waliokuja baada yao. Unapandisha kidogo, unapita kwenye mibuyu, unatokea Msikiti Mkuu.

Nimekaa humo siku nyingi, nikipanda na kushuka na karai la chokaa, na sijapata kuuzoea. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ina umri wa miaka 900 hivi. Kusini mwake ukaongezwa ukumbi mkubwa wa nguzo na kuba katika karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331. Sultani huyohuyo anatajwa kwenye Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali upande wa mashariki, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Sarafu zake za shaba zilitembea mbali: moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia. Mtu wa Sudi akisikia hayo, anauliza dhahabu iliyoitajirisha Kilwa, ile ya Sofala kusini kwetu, ilipitia wapi. Ilipita kwa jahazi mbele ya mlango wa ghuba yetu.

Lakini kilichonishika mimi ni kuta. Nilizigusa nikajua zilivyotengenezwa, kama mpishi anavyoonja mchuzi wa mtu mwingine. Mawe ya nchi kavu kwa unene wa ukuta, chokaa kwa kufungia, lipu ya chokaa juu yake. Mahali palipohitaji umbo, kwenye milango, matao na mihirabu, waliweka tumbawe laini. Hata upana wa vyumba vya kale uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kumbe waliojenga mji ule walikuwa watu wa tanuu kama mimi.

Fundi aliyetusimamia alikuwa mwenyeji wa kisiwani. Neno lake la kwanza lilikuwa kutukataza saruji. Alisema saruji ni ngumu kuliko jiwe la zamani, inafungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta unapasuka kuanzia ndani huku nje unaonekana mzima. Chokaa inapumua. Alitufundisha kuilowesha siku nyingi badala ya usiku mmoja kama tulivyofanya sisi wa biashara, na kuichekecha mpaka isibaki hata punje. Chokaa yenyewe haikuwa ya tumbawe hai. Nilipomwuliza, akasema, "Mdogo wangu, tuokoe msikiti tuue bahari?"

Wakati ule Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani, zilizokuwa Urithi wa Dunia tangu 1981, zilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zilikowekwa mwaka 2004. Mvua ilikuwa ikibomoa, mizizi ikipasua, na bahari ikila ukingo. Zilitolewa kwenye orodha ile mwaka 2014. Katika kazi hizo za kuokoa, watu walipanda mikoko ufukoni ili izuie mawimbi. Siku niliyoona vijana wameinama kwenye tope, wanachomeka miche ya mikoko mmoja mmoja, nilisimama na karai langu nikiwa sina la kusema. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejua njia moja tu ya kuugusa mkoko.

Siku nyingine fundi akaniita. Kulikuwa na kipande kimeanguka, kimefukiwa na vifusi, akataka nikishike wakati anatafuta kilikotoka. Kilikuwa chepesi, bapa. Alikipangusa kwa brashi, na chini ya vumbi ukatokea mchoro wa kamba, nyuzi mbili zinapishana.

Alidhani sijui ninachokishika, akanieleza kwa upole. "Hili linakatwa chini ya maji likiwa bado laini. Linachongwa upesi, kabla halijakauka, maana likishakauka linakuwa gumu na tezo haliingii tena. Mtu alichonga hili mkono wake ukiwa umelowa." Kisha akaniambia kwamba mawe ya namna hii huwekwa mahali pa heshima, pembeni mwa mlango au kuzunguka mihirabu.

Nikamwuliza, "Na kama lingekutwa porini, kwenye kuta tatu tu?"

"Basi uliza watu wa pale walikuwa wakisali wapi."

Mikono ilinitetemeka hadi akanipokonya jiwe nisije nikaliangusha. Alifikiri nimeshikwa na homa. Sikumwambia. Usiku ule, kwenye mkeka, nilimwona babu akijikung'uta kikoi.

Niliporudi Sudi sikuwasha tanuu tena. Haikuwa rahisi, nisiseme uongo. Miezi ya mwanzo tulikula kwa mkopo, na wenzangu waliniona mtu aliyerudi na majivuno ya kisiwani. Nikaanza kazi ya uashi, na mahali panapotaka chokaa naichoma kidogo, kwa mawe ya shambani na kuni za mikorosho iliyozeeka.

Kisha nikaenda kwa dada yake babu, bibi aliyekuwa amebaki peke yake katika rika lao. Nilimpigia shikamoo nikakaa chini. Nilimwambia nataka kujua lile gofu lilikuwa nini. Akanitazama kwa muda. "Umechelewa, mjukuu wangu, lakini nyanyuka twende."

Alitembea kwa mkongojo kutoka kitongojini hadi mikoroshoni, akikataa kushikwa mkono. Hakuyatazama mawe. Alitazama miti na mteremko wa ardhi, akanionyesha njia ilipopita kwenda pwani, kisima kilipofukiwa, kaburi la nani liko chini ya mti upi. Nilirudi naye mara tatu na daftari la mwanangu. Mara ya nne hakuweza kutembea, akaniambia akiwa kitandani, nikaenda kuangalia peke yangu, nikakuta kila kitu kiko aliposema. Siku hiyo ya mwisho ndiyo aliyouliza, "Na lile la kamba liko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Akauliza chokaa yake ilikwenda wapi.

Ilikwenda kwa mama. Imo kwenye ukuta wa chumba chake, ule wa kaskazini, alikoegemeza kitanda. Sudi kibla ni kaskazini, na huo ndio ukuta anaouelekea akisali. Mwaka jana vijana wangu wa uashi walitaka kuibandua lipu ile wapige ya saruji, kwa kuwa imeanza kupata nyufa. Niliwakataza. Nililowesha chokaa wiki nzima, nikaichekecha mara mbili, nikaziba nyufa mwenyewe kwa mwiko mdogo, mama akiwa amekaa mlangoni ananiuliza kwa nini nakwenda taratibu hivyo.

Nikamwambia, "Mama, nangoja inyonye maji."