Mlango wa Mama



Sisi ni mwalimu wa chuo hapa Mkwajuni, na kwa miaka zaidi ya ishirini tumewafunza watoto wa watu wajibu wao kwa mama: mimba aliyoibeba, usiku aliokesha, maziwa aliyonyonyesha. Wajibu wa mama kwa binti yake hatukuufunza sana. Leo twataka kuusema, na twaanza na nafsi yetu.

Binti yetu mkubwa aliacha masomo akashika njia ya Tunduma, akauze vitenge mpakani. Tulikhofu, kwani mji ule una malori usiku na mchana, na watu wa kila tabia. Lakini khofu yetu hatukuisema kuwa ni khofu. Tuliitoa kwa sura ya hasira. Tulimwambia akitoka asirudi. Akatoka, ukapita mwaka na miezi hatujasikizana sauti.

Mwezi uliopita mdogo wake alituomba tutazame naye sinema katika simu. Yaitwa Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016, mwaka ule ule mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa wanyonge mjini Kampala, aliyefunzwa sataranji na mwalimu Robert Katende hata akaiwakilisha Uganda nchini Urusi mwaka 2010. Mama yake, Nakku Harriet, ni mjane muuza mahindi, naye aigizwa na Lupita Nyong'o wa Kenya.

Tuliketi tukidhani tutaona upuuzi. Mchezo wenyewe, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, umechukizwa, na ukitiwa kamari ni haramu. Kumbe Harriet naye amshuku mwalimu yule kwa sababu hiyo hiyo, akikhofu kuwa watoto wake wafunzwa kamari! Tukampenda papo hapo.

Kisha tukajiona wenyewe. Harriet ana binti mwingine, mkubwa, aitwaye Night, aliyemfuata mwanamume mwenye pikipiki. Mama amkaripia kwa maneno makali, na usoni mwake mna khofu tupu. Phiona naye, akiisha kusafiri na kuona ya ulimwengu, aona taabu kuzoea tena maisha ya nyumbani. Wote wapendana, ila kila mmoja asikia ukali wa mwenzake tu. Hata hivyo mama huyo huyo auza nguo yake ya thamani apate mafuta ya taa, ili binti yake asome usiku.

Usiku ule hatukulala. Suratul Qasas twaisomesha kila mwaka, wala jambo hili hatukuwahi kulizingatia: mama yake Nabii Musa, alipomtia mwanawe mtoni na moyo ukamwishia, alimtuma nani amfuatie? Alimtuma binti yake. Saa ya khofu kubwa kuliko zote alimwamini binti, na kwa njia ya binti huyo mtoto alirejea kifuani mwa mama.

Baada ya sala ya Alfajiri tulipiga simu Tunduma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Zaidi ya hapo hatukuweza kusema, naye alisikika akilia. Hajarudi bado, na kazi ya mpakani hatujaipenda. Lakini amesema atakuja Idi, tena ameuliza kama kitanda chake kipo. Tumemjibu kuwa kipo.

Enyi mama wenzetu, lisilofaa tulikataze, kwani sisi tu wachunga na tutaulizwa. Ila tukataze hali mlango u wazi. Nanyi mabinti, mkisikia ukali wa mama, tazameni nyuma yake. Mara nyingi mtaikuta khofu, na nyuma ya khofu mtayakuta mapenzi.

Wabillahi tawfiq.