Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Msimu wa kahawa ukiisha na malipo yakipokelewa, baadhi yetu hapa Manyovu hupanga safari. Wengine hufika hata Unguja: wanakwaya, wanandoa wapya, wazazi wanaowatembelea watoto waliopata kazi katika hoteli za kule. Ni safari ndefu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam Reli ya Kati hupita zaidi ya kilomita 1,200, na bado kuna bahari ya kuvuka. Fedha ya shambani huwa imekwisha kupungua kabla mguu haujakanyaga kisiwa. Ndipo linapokuja swali ambalo wengi wetu huona haya kuliuliza: tutakula wapi?

Haya hiyo hutufikisha pabaya. Wapo wanaoketi penye bei za watalii kwa kuogopa kuonekana maskini, na mlo mmoja ukameza posho ya siku tatu. Wapo wanaojifungia chumbani na mkate mkavu, wakarudi nyumbani bila kuonja chakula cha watu waliowatembelea.

Lakini kisiwa kina meza mbili. Moja imeandaliwa kwa ajili ya watalii, hasa katika fukwe kama Nungwi na Paje. Nyingine ni ya wenyeji, nayo haiko mbali. Ukitoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Shangani, lile la minara miwili lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19, waweza kutembea kwa miguu hadi soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Katika mitaa ya Mji Mkongwe utapata urojo: mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu, ndani yake viazi, bajia, kachori na muhogo wa kukaanga. Mkunazini upo mgahawa wa Lukmaan, ambako vyakula huwekwa mbele ya macho, nawe waonyesha utakacho: pilau, biriani, samaki, pweza wa nazi.

Jioni bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, hujaa moshi wa mishikaki na harufu ya maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Hapo busara inahitajika: tuulize bei kabla sahani haijajazwa, na tuulize samaki amevuliwa lini. Kuuliza si ujinga. Na tukisafiri katika mwezi wa Ramadhani, tukumbuke kwamba migahawa mingi hufungwa mchana. Tusile hadharani mbele ya waliofunga. Jua likizama, vyakula vya futari hujaa barabarani.

Tusisahau pia baraza. Pale Jaws Corner, watu huketi na vikombe vidogo vya kahawa chungu wakizungumza. Sisi tunaoilima kahawa, na kuiuza karibu yote, tutaona kule jinsi inavyonyweka pamoja na maneno mazuri.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaulizane basi: ni mwenyeji yupi anayepona kwa fedha yetu? Ile tunayomlipa mama mwenye jiko la mkaa hununua unga wa kesho na daftari la mwanawe. Kwa hiyo unafuu tunaoutafuta usiwe wa kumkandamiza. Bei ya haki ikishatajwa, tulipe bila kuvutana. Sisi tunaujua uchungu wa kupangiwa bei ya kahawa na mtu asiyelijua jembe letu; tusiwe mtu huyo mbele ya chungu cha mwingine.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana anawaagiza wale aliowatuma wakubali chakula watakachoandaliwa na wenyeji wao. Hakuwapa agizo hilo kwa ajili ya tumbo tu. Anayekula chakula cha wenyeji huketi nao, husikia habari zao, na huacha kuwa mtu wa kupita.

Basi, mwenye safari asafiri kwa amani. Awe na kiasi mfukoni, salamu mdomoni, na asione haya kukaa kwenye benchi la mbao. Akirudi, atusimulie alichokula na aliokula nao.

Tuwatakie juma jema.